Breki za Bi Mkubwa

Mlioniandikia wiki iliyopita mkanisifu kwa kumwendea kaka yangu kumtaka radhi, rudisheni sifa zenu. Nimezisoma zote, na kila moja imenichoma. Leo nafika mahali ambapo ningependa hadithi hii iishe kabla sijafika.

Kwa aliyechelewa, mimi ni daktari wa mifugo. Baba alipofariki aliniachia gari lake, pikapu ya kupanda milima, kuukuu, yenye umri wa kunizidi. Yeye alikuwa akiliita Bi Mkubwa, kwa sababu mama alizoea kulalamika kwamba ameolewa uke wenza na chuma. Kaka yangu ni fundi wa magari, na mtaa mzima unamwita Nati. Alilitunza gari hilo miaka kumi na tano. Siku wosia uliposomwa akasikia limekwenda kwa mdogo wake wa kike. Aliinuka, akatoka, na hatukusemezana miaka miwili.

Halafu springi za Bi Mkubwa zikachoka. Gari likawa linaegemea upande, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Mafundi wawili walilishika, wakanirudishia likiwa vilevile. Nikameza kiburi, nikaenda kwa Nati. Alinitazama mimi, akalitazama gari, akasema, "Liingize ndani."

Alilala chini ya gari muda mrefu, miguu tu ikionekana.

"Unalipakia nini hili?" sauti yake ikatoka huko chini.

"Masanduku ya barafu ya chanjo. Madumu ya dawa. Vyuma vya kubania ng'ombe."

"Baba hakuwahi kulipakia hivyo."

"Baba hakuwa daktari wa ng'ombe."

Akatoka, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Springi za kawaida hazitakufaa. Nikikuwekea za kawaida, miezi sita utakuwa hapa tena. Nikufungie nzito, na shokapu ndefu. Gari litainuka kama kiganja kizima. Halitakwaruza tumbo kwenye mawe."

"Na mbele nataka bampa ya chuma na winchi," nikasema. "Nimechoka kuvutwa matopeni na matrekta ya watu."

"Winchi ina uzito. Ukiweka winchi, springi za mbele nazo lazima zibadilike." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Ukiongeza kitu juu, uangalie kilichoko chini."

Ilikuwa siku ya Jumapili. Siku hiyo na Jumatatu nilikaa juu ya kreti ndani ya gereji yake, nikimpa spana huku akinituma kama zamani, tulipokuwa wadogo. Ya kumi na nne. Siyo hiyo, ya ringi. Shika hapa. Achia.

Alizitoa springi kuukuu, vile vyuma bapa vilivyolaliana kimoja juu ya kingine, akavitandika sakafuni. Cha tatu kilikuwa kimekatika katikati.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinakuegemeza," akasema. "Waliokushikia gari walibadilisha vya juu vinavyoonekana."

Mama anaishi na Nati, nyumba iko nyuma ya gereji. Alituletea chai, akasimama kumtazama Bi Mkubwa aliyekuwa ananing'inia juu ya jeki, na bampa mpya ikimeremeta.

"Mke mwenzangu anavishwa," akasema. "Mimi mwenyewe sijanunuliwa hata viatu."

Tukacheka wote watatu. Nati alicheka mpaka akaweka spana chini. Mama alipoingia ndani, akaacha kucheka.

"Unajua kilichoniuma si gari," akasema.

"Nini?"

"Hakuniuliza. Miaka kumi na tano nalala chini ya tumbo lake, na hakuniuliza hata mara moja kama ningelitaka."

Nikampa spana ambayo hakuiomba, naye akaipokea.

Jumanne mchana Bi Mkubwa alishuka chini akasimama kwa magurudumu yake. Alikuwa mrefu. Nilikuwa na keria mpya juu ya paa, winchi mbele, taa mbili za kupenya ukungu. Nati aliirukia bampa, akalitikisa gari kwa uzito wake wote, nalo likashuka na kupanda mara moja tu, likatulia. Nilipiga makofi kama mtoto.

Lakini yeye hakuwa ametulia. Alichukua jeki, akainua gari kwa chesisi hadi gurudumu la nyuma likaning'inia hewani. Akalala chini tena. Kisha akaniita.

"Njoo ushike hapa."

Nikaingiza mkono. Palikuwa na mpira mweusi, mnene kama kidole, unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli. Ulikuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo.

"Huo unapitisha mafuta ya breki. Ulikatwa kwa kimo cha zamani. Sasa gari limeinuka, mpira haujarefuka. Njia iliyonyooka utafika. Gurudumu likining'inia shimoni, unakatika."

"Ukikatika?"

"Gari hili ni la zamani. Mafuta ya breki zote yanapita njia moja. Mpira mmoja ukikatika, huna breki hata moja."

"Mirefu ipo?"

"Nimeagiza. Inakuja kwa basi Alhamisi."

"Kaka, chanjo zangu zimefika leo. Barafu haitasubiri Alhamisi."

"Basi azima gari jingine."

"Ng'ombe wanakufa kule vijijini."

"Sikatai. Lakini hili usiliguse mpaka Alhamisi." Akatia ufunguo mfukoni. "Nimesema."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonikaa kooni. Lilikuwa neno la baba, na alilitamka kwa sauti ya baba. Lakini gari lilikuwa langu.

Hapo ndipo wengi wenu mtanitetea, mtasema daktari alikuwa na haraka ya kuokoa mifugo. Msinitetee. Sitajificha nyuma ya ng'ombe. Ofisi ina gari, na dereva wake angenipeleka kama ningempigia simu. Sikumpigia. Nilitaka nifike kule nikiwa juu ya springi mpya, nirudi salama, niliegeshe mlangoni pake, na aone kwamba si kila anachosema ni amri.

Jumatano asubuhi, saa mbili, nilifika gereji. Hapakuwa na mtu. Baadaye nilikuja kujua alikuwa amekwenda stendi kuwabembeleza watu wa mabasi, kama mipira hiyo ingeweza kuwahi kwa siku moja. Alikuwa amekwenda kwa ajili yangu.

Nilikuwa na ufunguo wa pili. Nikapakia masanduku ya chanjo, nikawasha, nikatoka.

Nisiseme uongo, lilikwenda vizuri. Mashimo niliyoyajua kwa majina nilipita juu yake bila kuyasikia. Niliimba. Saa nzima niliendesha nikiimba, na kila nilipokanyaga breki zilishika, na kila ziliposhika nilisema moyoni, unaona, Nati, unaona.

Kuna mteremko mrefu kabla ya soko. Mvua ilikuwa imechimba mfereji ukakata barabara kwa mshazari. Gurudumu la mbele likaruka. La nyuma likatumbukia, likaning'inia. Nikasikia mlio mdogo tu, kama kizibo kinachochomoka kwenye chupa.

Nikakanyaga breki. Mguu ukaenda mpaka sakafuni.

Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Nilivuta breki ya mkono, ikanuka kuungua, gari likapunguza kidogo kisha likaendelea. Nilijaribu kurudisha gia, ikagoma, ikalia kama mnyama. Bi Mkubwa alikuwa na mzigo mgongoni na chuma kipya kifuani, na mteremko ulikuwa wake.

Nilipiga honi mfululizo. Watu walikimbia. Chini kabisa, kwenye baraza ya duka, alikaa fundi cherehani mzee, futi ya kupimia shingoni. Nilimwona akiinuka. Nilimwona akikimbia hatua tatu, kisha akageuka kurudi kwenye cherehani yake.

Nilikata usukani kwenda kwenye ukingo wa udongo. Gari lilipanda ukingo, likaegemea, likashuka tena. Bampa ile ilipita kwenye nguzo ya baraza kama kisu kwenye boga. Kisha kimya.

Nilizinduka hospitali, mkono umefungwa, mbavu mbili zimevunjika. Mume wangu alikuwa pembeni ya kitanda. Yeye ni mwalimu, mtu mpole, lakini siku ile macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yake alisimama mpelelezi, mwanamke wa makamo mwenye daftari.

"Fundi cherehani?" nikauliza.

"Yuko wodi ya wanaume," mpelelezi akajibu. "Miguu yote miwili, na damu ndani ya tumbo. Tunaomba Mungu. Sasa niambie, gari lilitoka wapi asubuhi hiyo?"

"Gereji. Kwa kaka yangu."

Mume wangu akaingilia. "Afande, nimekwisha kukuambia. Shemeji yangu ana kinyongo na mke wangu. Aligombea gari hilo, akalikosa. Amekaa nalo siku tatu, siku ya nne breki zinakatika. Hata mtoto mdogo atajumlisha."

"Nimemsikia mumeo," mpelelezi akasema. "Nataka kukusikia wewe. Kaka yako anadai alikukataza kuliendesha. Alikukataza?"

Jamani, jibu lilikuwa neno moja. Lilikuwa ulimini. Lakini nilimwona fundi cherehani akigeuka kurudi kwenye mashine yake, na nikawaona wanangu wawili wakiuliza mama yuko wapi, na nikasikia kinywa changu kikisema, "Hapana."

"Ufunguo alikupa nani?"

"Yeye."

"Tumemkamata na ufunguo wa gari hilo mfukoni."

"Ziko mbili. Alinipa mmoja, akabaki na mwingine."

Uongo hauzai mmoja, huzaa mapacha. Mpelelezi aliandika, akafunga daftari, akaondoka. Mume wangu akanishika mkono mzima, akasema, "Pole, mke wangu. Sasa haki itatendeka."

Siku ya pili mama alikuja. Hakukaa.

"Nati anasema alikuonyesha mpira huo. Anasema ulitia mkono mwenyewe ukaugusa."

Nikatazama ukuta. "Hakunionyesha, mama."

Mama alinizaa, akaninyonyesha, akanifumania nikiiba sukari nikiwa na miaka sita. Hakuuliza mara ya pili. Aliinama akanifunika shuka vizuri, akaenda zake.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, nilisikia kilio ukumbini. Kilianza kwa mwanamke mmoja, wakajiunga wengine. Muuguzi aliyekuwa ananibadilishia bandeji akasimama kusikiliza.

"Nani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Yule mzee wa cherehani," akasema. "Maskini, usiku alikuwa anauliza kama sare za watoto wa watu zimepona."

Nilimpigia mume wangu simu. Nikamwambia aje na gari, nataka kwenda kituoni. Akadhani nakwenda kuongeza maelezo dhidi ya Nati, akaja mbio.

Tulipokuwa njiani nikamwambia. Sikupamba. Nilisema, "Alinikataza. Nilichukua gari kwa ufunguo wangu, yeye hayupo. Nilidanganya."

Akaegesha kando ya barabara. Alikaa ameshika usukani kana kwamba bado anaendesha.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Mtu amekufa," akasema polepole. "Unajua maana yake? Uliambiwa gari halina breki salama, ukaliingiza barabarani. Hiyo si ajali tena. Wanakufunga."

"Najua."

"Watoto wana miaka mitano na minane."

"Najua umri wa watoto wangu."

"Nati hana mke, hana mtoto." Alipoyasema hayo hakunitazama. "Sisemi kitu. Nasema tu hana mtoto."

Huyo ndiye mtu niliyemwona mpole miaka kumi. Lakini ningemlaumu vipi, wakati alikuwa anasema kwa sauti niliyoyasema mimi kimoyomoyo siku nne?

"Twende," nikamwambia. "Au nishuke nitembee."

Akawasha gari.

Ofisi ya mpelelezi ilikuwa na meza moja, viti viwili, kabati la chuma na benchi. Kwenye benchi alikaa mama. Nilishtuka kumwona, lakini yeye hakushtuka kuniona. Mume wangu alibaki mlangoni.

"Umekuja wakati mzuri," mpelelezi akasema. "Nilikuwa nimtume mtu akufuate. Kaka yako amekiri."

"Amekiri nini?"

Akavuta karatasi, akasoma. "Nilimkabidhi dada yangu gari nikijua mipira ya breki ni mifupi. Sikumwambia. Nilidhani itavumilia hadi Alhamisi." Akaiweka chini. "Ametia saini nusu saa iliyopita, baada ya kusikia kwamba mzee amefariki."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, askari akamwingiza Nati. Alikuwa pekupeku, kwa kuwa walimvua viatu vya kamba. Mikono yake ilikuwa safi. Sikuwahi kuona mikono ya kaka yangu ikiwa safi, na hilo liliniumiza kuliko pingu.

"Kaka, kwa nini umeandika hivi?"

"Nimeandika kilichotokea," akasema.

"Hakikutokea hivyo."

"Dada, nenda nyumbani. Watoto wanakusubiri." Aliongea kwa utulivu, kama vile ananieleza tatizo la injini. "Mimi ndiye fundi. Gari lililotoka kwangu halijakamilika ni kosa la fundi. Ningeweza kutoa betri. Ningeweza kuvua gurudumu. Nilikujua, na sikufanya."

Nikamgeukia mama. Alikuwa anatazama magoti yake.

"Sisi tunataka kukamilisha tu," mpelelezi akasema, akinisogezea karatasi nyingine na kalamu. "Thibitisha maelezo yako ya hospitali. Saini hapa, na hapa."

Nilishika kalamu kwa mkono mzima. Nati alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, vile alivyokuwa akinitikisia tulipokuwa wadogo baba akiuliza nani kavunja kioo.

Nikaiweka kalamu chini.

"Afande, kaka yangu anadanganya. Na mimi nilidanganya kabla yake. Alinionyesha mpira. Alinikataza. Nilikuja asubuhi hayupo, nikachukua gari kwa ufunguo wangu mwenyewe."

Nati alifumba macho. Kifua changu kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, na nikadhani, mjinga mimi, kwamba mambo yamekwisha.

Mpelelezi hakuandika. Alifungua jalada, akatoa karatasi ya tatu, akaigeuza ili niione. Chini palikuwa na alama ya dole gumba, ya buluu.

"Haya ni maelezo ya mama yenu," akasema. "Ya leo asubuhi. Anasema alisimama mlango wa nyuma wa gereji, akamwona mwanawe akimkabidhi dada yake ufunguo, akimtakia safari njema." Akamtazama mama. "Mama, haya uliyasema kwa kiapo. Binti yako sasa anasema hapakuwa na mtu. Akisema kweli yeye, wewe umelidanganya jeshi la polisi katika kesi ya mtu aliyekufa, nami sitakuwa na la kufanya ila kukuweka ndani. Fikiri kwanza. Ulimwona, au hukumwona?"

"Mama," nikasema. "Mama, tafadhali."

Mama aliinuka kutoka kwenye benchi kwa taabu, akishikilia ukuta. Alimtazama Nati. Kisha akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ile hospitali, aliponifunika shuka.

"Nilimwona," akasema. "Huyu binti yangu amegonga kichwa kwenye ajali. Tangu siku ile hajui asemalo. Usimsikilize, mwanangu."

"Sikugonga kichwa," nikasema.

"Anasema hakugonga," mama akamwambia mpelelezi kwa upole. "Unaona mwenyewe."

Mpelelezi alitutazama mmoja mmoja, mama, Nati, mimi. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuona familia nyingi. Halafu macho yake yakapita juu ya bega langu, yakaenda mlangoni.

"Bwana mwalimu," akasema. "Wewe ndiye umekaa naye. Wewe ndiye umemleta hapa. Mkeo ana akili zake, au hana? Na njiani, alikwambia nini?"

Sikugeuka. Sikuthubutu. Nilisikia tu hatua za mume wangu zikiingia ndani, mlango ukifungwa taratibu nyuma yake, na kiti kikivutwa.